Usiku wa kwanza ugenini: kwa nini usingizi hukataa

Mwaka juzi nilimsindikiza mama India kwa matibabu ya moyo. Mwenye mzee nyumbani anaijua safari hii: vikao vya familia, mchango wa jamaa na majirani, pasi, viza, barua za daktari, na mwisho wake watu wawili wanapanda ndege na bahasha ya eksirei na mkoba wa dawa. Kila kitu tulikipanga. Tulihesabu pesa za chumba, za chakula, za teksi, hata za laini ya simu ya huko. Jambo moja hakuna aliyelitaja kikaoni, nalo ni kulala.

Tulifika Chennai usiku na kupokewa kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na hospitali. Chumba kilikuwa safi, vitanda viwili, shuka nyeupe, feni inazunguka. Nilikuwa nimechoka hata mikono haina nguvu. Nikalala chali nikangoja usingizi, usingizi hakuna. Jirani akikohoa nasikia. Lifti ikifunguka nasikia. Mama naye anageuka, anashusha pumzi, anageuka tena. Kulipopambazuka niliinuka na kichwa kama kimejazwa mchanga, nikafanya lile ninalolifanya nyumbani kila asubuhi: nikampa mama dawa zake zote. Miongoni mwake mlikuwa na ile ya kuzuia damu kugandana, ambayo daktari alikuwa amekwisha tuandikia tuisimamishe kabla ya upasuaji. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba wangu mwenyewe, na nilikuwa nimeisoma mara tatu.

Upasuaji ukaahirishwa hadi damu ipimwe upya na nafasi nyingine ipatikane. Siku tatu zaidi za kodi ya chumba, siku tatu zaidi za hofu kwa mama, na simu ya Mombasa ambayo sikuwa na hamu ya kuipiga. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Jana usiku ulilala?” Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza habari za usingizi wa safarini, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kukosa usingizi usiku wa kwanza si udhaifu wa mtu, wala si lazima iwe una wasiwasi. Wachunguzi wa usingizi wanalijua jambo hili tangu zamani kwa sababu liliwaharibia kazi. Mtu akipelekwa maabara alale huku amebandikwa nyaya kichwani, usiku wa kwanza huchelewa kusinzia, huamka mara nyingi, na usingizi wake mzito huwa mchache. Lilielezwa kwenye jarida la kitaalamu mwaka 1966, na tangu hapo watafiti wengi huuacha usiku wa kwanza na kuanza kuhesabu wa pili.

Sababu yake ilianza kuonekana vizuri mwaka 2016, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walipopima ubongo wa watu waliolala mahali pageni. Walikuta kwamba usiku wa kwanza pande mbili za ubongo hazilali sawasawa. Upande wa kulia huzama, upande wa kushoto hulala juu juu, kama mlinzi aliyeketi kitini na rungu mapajani. Walipopiga mlio mdogo kwenye sikio la kulia, ambalo sauti yake huelekea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, watu waligutuka upesi kuliko mlio ulipopigwa sikio la kushoto. Waliporudishwa maabara siku nyingine, tofauti ile haikuonekana tena.

Waliozoea bahari ya Shimoni na Kisite hawatalistaajabia sana jambo hili. Pomboo hulala nusu ubongo, jicho moja limefumba na jingine liko wazi, kwa sababu lazima apande juu kuvuta pumzi na lazima aangalie adui. Sisi hatufiki huko, lakini inaonekana chembe ya tabia hiyo tunayo. Mwili unaambiwa: hapa hupajui, usijiachie.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ubongo nao una hesabu yake isiyo mbali sana na hiyo. Kwa watu wengi usiku wa pili huwa afadhali, na baada ya hapo mambo hukaa sawa. Kwa hivyo faida kubwa kuliko zote iko kwenye kupanga siku, kabla hujafikiria dawa au mto maalumu. Kama una mahojiano ya kazi Nairobi Jumatatu asubuhi, ukipanda basi la Jumapili usiku utaingia kwenye kile chumba cha mahojiano ukiwa na nusu ya akili yako. Panda Ijumaa au Jumamosi, lala kwa jamaa. Kama unampeleka mgonjwa nje, siku ya pili baada ya kufika isiwe siku ya maamuzi, ikiwezekana. Nasema ikiwezekana kwa sababu najua kila siku ya ziada ina bei yake, na si kila mtu ana jamaa Eastleigh au South C. Lakini hesabu bei hiyo pamoja na bei ya kukosea. Mimi nililipa zote mbili.

Na kukosea huko si mzaha. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, akipimwa wepesi wa mikono na umakini, hufanya vibaya karibu sawa na mtu mwenye kiasi cha pombe cha 0.05 kwa mia kwenye damu. Hajaonja kitu, yuko na udhu wake, lakini mwili wake unatenda kama wa mlevi. Anayeendesha gari mwenyewe kutoka Mombasa usiku baada ya kushinda dukani kutwa, akifika Mtito Andei amekwisha kuwa hivyo, na muguka mdomoni hauirudishi akili iliyochoka. Unamwondolea tu ile hisia ya kusinzia, ambayo ndiyo ingemwonya.

Tatizo la pili ni la saa. Mwilini mna saa inayojua usiku na mchana, na inayoiongoza ni mwanga unaoingia machoni. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ni kidogo, mtu hudharau, lakini tazama maana yake. Saa tano ya usiku Chennai, wakati nyumba nzima imelala, kwa mwili wa mtu wa Mombasa ni saa mbili na nusu, ndiyo kwanza watu wanatoka kusali Isha na kuulizana cha kula. Nani hulala wakati huo? Halafu unaambiwa uwe hospitali saa mbili asubuhi, nayo mwilini mwako ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Umebanwa pande zote mbili: huwezi kulala mapema na huruhusiwi kuchelewa kuamka.

Kuielekea mashariki ni kugumu kuliko kuielekea magharibi kwa sababu hii hii: mwili hukubali kuchelewa kulala kwa wepesi kuliko kukubali kuwahi. Kanuni ya kukadiria ni kwamba saa ya mwili husogea kiasi cha saa moja kwa siku. Ukianza nyumbani, siku tatu kabla ya safari, kulala na kuamka nusu saa mapema kila siku, umekwisha kulipa sehemu ya deni. Ukifika, toka nje asubuhi upate jua la machoni, na usiku punguza taa na simu. Mwanga wa simu ukiutazama usiku unauambia mwili kwamba bado ni mchana. Najua hili ni gumu, maana usiku ndio wakati familia nzima ya Mombasa inataka habari za mgonjwa. Sisi ilibidi tumwombe mdogo wangu awe yeye mpokeaji simu mmoja, akishapata habari aipeleke kwenye kundi la familia. Walikasirika siku mbili, wakazoea.

Wanaokwenda Umra au Hija hawana tabu hii. Makka na Mombasa zina saa moja. Kinachowamaliza mahujaji ni usingizi uliokatwakatwa, chumba cha watu wanne ambapo kila mmoja anaamka kwenda Haram kwa wakati wake, na joto. Hapo dawa ni ile ya zamani, qailula. Dakika 20 au 30 za mchana hurudisha akili. Ukilala saa mbili mchana, utaamka mzito na usiku utaangalia dari.

Sasa tuje kwenye joto na sauti, mambo ambayo mtu wa Pwani huyapata Nairobi kabla hajavuka mpaka wowote. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo, karibu nyuzi moja, na mwili hulitoa joto hilo kupitia mikono na miguu. Kwetu tunalisaidia kwa feni na dirisha wazi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwezi wa Julai baridi ya usiku inaingia mifupani. Mtu wa Pwani hujifunika blanketi tatu, miguu ikabaki barafu, akakaa macho. Vaa soksi. Inachekesha, lakini miguu ikipata joto mishipa ya damu hufunguka na joto la ndani hupata njia ya kutoka, na usingizi huja upesi. Kuoga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Na feni? Wengi wetu hatujui kama tunalala kwa upepo wake au kwa sauti yake. Tumelelewa ndani ya mvumo ule. Ukikaa mahali kimya, kila mlango unaofungwa unakuwa tukio, hasa kwa ule upande wa ubongo ulioketi mlangoni. Mvumo usiobadilika hufunika vishindo vidogo. Siku hizi mimi husafiri na sauti ya feni kwenye simu, naiwasha na kuilaza simu kifudifudi. Binti yangu hunicheka. Anayeipenda kimya atumie vizibo vya masikio, vinauzwa kwenye duka la dawa na si ghali.

Kitu kingine ninachobeba ni leso yangu iliyovaliwa, isiyofuliwa, naitandika juu ya mto. Harufu ya nyumbani huniambia niko nyumbani. Kama hilo limethibitishwa na maabara yoyote sidai, nadai tu kwamba kwangu linafaa, na mama alikuwa na yake pia. Fikiria harusi zetu zamani, watoto kumi na tano kwenye magodoro ya sufi ukumbini, nyumba si yetu, kelele tele, na tulilala kama magogo. Mahali palikuwa pageni, watu hawakuwa wageni.

Kahawa nayo isemwe. Nusu ya nguvu yake bado iko mwilini baada ya kiasi cha saa tano, kwa wengine zaidi. Kikombe cha kahawa chungu baada ya Isha, cha kujichangamsha na wenyeji, kinakaa nawe hadi usiku wa manane. Chai ya rangi iliyokolea vile vile. Ugenini tunakunywa zaidi kuliko nyumbani kwa sababu ya ukarimu, na si rahisi kukataa. Sema daktari amekukataza. Mgonjwa yuko chumbani, hakuna atakayekuuliza.

Vidonge vya usingizi sivitaki kwa mzee aliye mahali pageni, na wala si vyangu kumpa bila daktari. Hata zile dawa za mafua zinazoleta usingizi, ambazo tunazinunua bila karatasi, humwacha mzee akipepesuka. Anaamka usiku kwenda chooni, mlango haupo pale alipouzoea, ngazi ipo pale asipoitarajia. Mwaka huo huo nyumba ile ile ya wageni alianguka mzee mmoja kwa namna hiyo. Weka taa ndogo ya chooni, na kabla ya kulala tembea naye kutoka kitandani hadi mlangoni mara mbili tatu, mchana na usiku.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Usiku wa pili baada ya upasuaji, mama alianza kuzungumza na dada yake aliyefariki zaidi ya miaka kumi iliyopita. Alimwambia aondoe kuku jikoni. Akanitazama akaniuliza, “Wewe ni mtoto wa nani?” Akataka kung'oa mpira wa dawa mkononi. Nilipiga simu nyumbani nikilia, na ami akasema, “Huyo kapandwa, mtafuteni mtu wa kumsomea.” Khalati akasema ni safari, kuna kitu kimemfuata.

Muuguzi wa zamu hakushtuka hata kidogo. Alisema jambo hilo huwapata wazee wengi waliolazwa, hasa baada ya upasuaji mkubwa, na huzidi usiku. Akili huchafuka ghafla, ikawa inakwenda na kurudi. Sababu huwa nyingi pamoja: dawa za nusukaputi na za maumivu, maambukizi, upungufu wa maji au chumvi mwilini, na juu ya yote hayo usingizi uliovunjika ndani ya chumba ambacho taa hazizimwi na usiku haujulikani na mchana. Si wazimu, na si kwamba amezeeka ghafla. Kwa wengi hupungua kwa siku au wiki kadhaa, ingawa kwa wengine hukawia. Lakini lazima daktari aambiwe saa hiyo hiyo, kwa sababu pengine ndiyo dalili ya kwanza ya maambukizi, na anayenyamaza akingoja msomaji anapoteza muda.

Kusoma tulimsomea. Nilikaa kando yake nikasoma Yasin kwa sauti ya chini, naye alitulia, na hakuna daktari aliyenizuia. Sioni kwamba kimoja kinakataza kingine. Pamoja na hilo nilifanya aliyonielekeza muuguzi. Nilimvalisha miwani yake, ambayo nilikuwa nimeifungia kwenye mkoba nikidhani itapotea. Mzee asiyeona vizuri huona watu ukutani. Nilimfungulia pazia mchana na kumketisha kitini, nikaomba taa ya juu ya kitanda izimwe usiku. Kila alipoamka nilimwambia kwa Kiswahili, bila kubishana naye habari za kuku: “Mama, uko hospitali, umepasuliwa moyo, umepona, mimi ni mwanao.” Muuguzi hakujua Kiswahili na mama hakujua Kiingereza. Sauti pekee aliyoielewa mle ndani ilikuwa yangu, kwa hivyo nilikatazwa kuondoka usiku. Siku ya nne aliniuliza kama nimekula, nikajua amerudi.

Niliweza kukaa naye usiku kwa sababu wakati huo nilikuwa nimejifunza kulala mchana. Kuna mama kutoka Malindi, mumewe yuko wodi moja nasi, tukapeana zamu: mmoja analinda wagonjwa wawili mchana, mwingine anakwenda chumbani kulala saa nne kamili, pazia limefungwa na simu imezimwa. Msindikizaji anayekesha kila siku kwa kuona haya kulala ndiye atakayempa mgonjwa dawa isiyo yake.

Neno fupi kuhusu jinamizi, maana nimeulizwa. Unaamka, macho yanaona, mwili hauinuki, kifuani kama pamekaliwa. Hutokea zaidi kwa mtu aliyekosa usingizi siku kadhaa au anayelala kwa saa zilizovurugika, na zaidi akilala chali. Akili imeamka kabla ya mwili kufunguliwa kutoka kwenye ile hali ya ndoto. Hupita baada ya muda mfupi. Soma dua zako, lala ubavu wa kulia kama ilivyo sunna, na lipa deni la usingizi.

Tulirudi baada ya wiki sita. Mama akalala kwenye godoro lake, chini ya feni yake, na sote tukafurahi kwamba usiku wa kwanza utakuwa mwepesi. Saa nane na nusu ya usiku tukasikia maji bafuni. Alikuwa anatawadha. Mdogo wangu akanitazama kwa hofu, akadhani yale ya hospitali yamerudi. Nikahesabu vidole: Chennai ilikuwa saa kumi na moja ya alfajiri. Nikamwambia mama bado mapema, akasali tahajjud, akarudi kitandani akingoja adhana. Siku tatu aliamka hivyo hivyo. Ya nne alilala hadi mwadhini alipomwamsha.